Mtama wa Kutulizia Baruti

Hapo zamani, enzi ambazo bunduki moja ilihesabiwa mali ya kijiji kizima, palikuwa na kijiji kikiitwa Kasombwe, kando ya mto ambao kila kiangazi hukatika vipande vipande. Sogeeni. Na ninyi wa huko nyuma acheni kunong'ona, maana nikimaliza mimi ndipo mtakapoanza ninyi, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Mwaka ninaousema, mto ulikatika mpaka likabaki dimbwi moja. Dimbwi moja, watu wote, mifugo yote. Na ndani ya dimbwi hilo alikaa kiboko dume, peke yake, mwenye kovu begani. Wenzake walikwenda zao kutafuta maji huko chini. Yeye alibaki. Mtu akishuka na mtungi, kiboko anapanda. Ng'ombe akishuka, kiboko anapanda. Watu wakawa wanachimba mchanga mbali na pale na kuchota tope kwa kata, na watoto wakaanza kuharisha.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Kovu la kiboko huyu lina habari yake, na lazima niwape habari hiyo kwanza, la sivyo mtahukumu kombo.

Kiangazi kilichotangulia, kiboko huyo huyo alikuwa akila mashamba ya watu. Mwindaji wa Kasombwe aliitwa Mlekwa, mume wa Kalunde. Bunduki ilikuwa ya mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, naye aliitwa Kasanda. Ilikuwa bunduki ya maganda ya shaba, na risasi zake zilikuwa hazipatikani tena dukani. Kwa hiyo ganda likishapigwa liliokotwa, likasuguliwa kwa majivu, likatiwa fataki mpya kitakoni, kile kidude cha kuwasha baruti, likajazwa baruti upya, na mdomoni likakalishwa risasi. Mtu wa kazi hiyo aliitwa Ndalahwa. Alikuwa na kipimo chake cha baruti, ncha ya pembe ya swala aliyoachiwa na baba yake. Kipimo kikijaa, hiyo ni baruti ya mnyama mkubwa. Kikipungua, hiyo ni baruti ya kanga.

Sasa baruti ya mwaka ule ilikuwa na punje nene. Punje nene hazilali vizuri. Zinaegemeana na kuacha nafasi katikati, kama kuni zilizotupwa ovyo. Ndalahwa akimimina kipimo kamili, baruti inafika mdomoni mwa ganda, na risasi haina pa kukaa. Mlangoni amesimama mjumbe wa mwanangwa: mzee anauliza, bado tu? Ndalahwa akaitazama baruti. Akamtazama mjumbe. Akapitisha kidole juu ya ganda, akapangusa iliyozidi, akasema moyoni, kidogo hiki hakitaonekana.

Kilionekana. Mlekwa alipiga, na alipiga pale alipokusudia, lakini risasi haikuwa na nguvu, ikaishia kwenye mafuta ya bega. Kiboko akageuka. Jinsi Mlekwa alivyozikwa sitawasimulia, maana wengine hapa hamjala bado.

Tangu siku hiyo watu walimwita Ndalahwa Nusu Kipimo. Hakubisha. Alikwenda nyumbani kwa Kalunde, akakaa chini nje ya mlango, akasema, "Shemeji, nilipunguza mimi." Kalunde akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango. Hakumtukana na hakumsamehe.

Mambo ya Kalunde nayo myajue. Katika nchi ile mjane aliruhusiwa kubaki nyumbani kwake madhali anavuna. Nyumba isiyovuna haikuhesabiwa nyumba. Mjane mwenyewe alifuatwa na ndugu wa marehemu, akachukuliwa yeye na mitungi yake. Mlekwa alikuwa na kaka, Nkwabi, wa kijiji cha mbali, mtu wa wake wengi na maneno mafupi. Kalunde alikuwa ameapa hatakwenda kwa Nkwabi. Akalima peke yake, akavuna kidogo, akala kidogo, na kibuyu cha mbegu za mtama akakitundika darini. Njaa ikaja, hakukigusa. Jirani akamwambia, "Mama, mbegu nayo ni chakula." Kalunde akamjibu, "Hii si chakula. Hii ndiyo inayonikalisha hapa."

Basi turudi dimbwini. Mwanangwa Kasanda aliona watoto wanadhoofika, akawaita watu, akasema: "Atakayetuondolea kiboko, nyumba yake itachukua ukingo."

Watu waliguna, na walikuwa na haki ya kuguna. Ukingo ulikuwa kipande cha ardhi nyeusi pale mto unapopinda. Mvua isiponyesha, ukingo unazaa. Udongo wake ni laini, hata aliyeketi anaweza kuulima. Mwenye nao alikuwa amekufa bila mtoto, na tangu hapo haukuwa na mtu. Lakini ukingo ulikuwa na mwiko wake: haugawanywi. Uliwahi kugawanywa zamani za mababu, mto ukapanda ukafuta mipaka, na ndugu wakatoana damu wakitafuta mpaka ulipokuwa. Toka siku hiyo ukingo ni wa nyumba moja, wote au hapana. Kwa hiyo yule ambaye tayari anafikiria kunijibu kwamba wagawane, alimeze jibu lake.

Wanaume wa Kasombwe walisikia habari ya ukingo, wakatazama miguu yao. Aliyejitokeza alikuwa mgeni, kijana aitwaye Luhende, kitinda mimba wa nyumba ambayo ardhi yake iliishia kwa kaka zake. Alikuja amebeba mkeka wake begani, maana hakuwa na pa kuurudisha.

"Mwangaluka, baba," akamsalimu mwanangwa.

"Mwangaluka. Umeisikia habari ya mnyama huyu?"

"Nimeisikia. Nimeisikia na ya ukingo. Naomba bunduki."

"Bunduki ipo," akasema Kasanda. "Maganda yapo. Baruti ipo. Fataki imebaki moja."

Mnaelewa maana yake? Fataki moja, mlio mmoja. Hakuna kusema ngoja nijaribu tena.

Luhende akapelekwa kwa Ndalahwa. Akamkuta anasugua ganda kwa majivu.

"Wewe ndiye Nusu Kipimo?"

"Ndiye mimi."

"Sikiliza, fundi. Mimi nitasogea mpaka nione kope zake. Hapo sitamkosa. Lakini nikiwa pale, nataka kipimo kamili."

"Utakipata," akasema Ndalahwa.

Akasema utakipata, lakini baruti ilikuwa ni ile ile ya punje nene. Alijaza pembe, akamimina ndani ya ganda, baruti ikafika mdomoni. Akaimwaga kwenye kitambaa, akamimina tena, safari hii polepole kupitia unyasi mrefu, ili punje zishuke moja moja na zitafute pa kulala. Ikashuka kidogo. Haikutosha. Akaligongagonga ganda ubavuni kwa kijiti. Zilizo chini zikalala, zilizo juu zikaruka nje, kipimo kikapungua. Akazirudisha, akaanza upya. Jua likapanda, jua likapinduka, yeye yuko pale pale na ganda moja.

Kasanda akaja mwenyewe, na fimbo yake mkononi.

"Chukua chuma uishindilie."

"Hapana, mwanangwa. Ikishindiliwa kwa nguvu punje zinavunjika kuwa vumbi, na vumbi linawaka lote kwa mara moja. Bunduki itapasuka usoni mwa kijana wa watu."

"Basi punguza."

Ndalahwa akanyanyua uso. "Nilishapunguza mwaka jana."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, Ndalahwa, na matumbo yanayouma ni ya watoto."

"Ni kweli, mzee wangu. Lakini kipimo hakipungui."

Kasanda akamchapa fimbo ya mgongo. Ndalahwa akaliziba ganda kwa kiganja, baruti isimwagike, akasema, "Kipimo hakipungui." Akachapwa tena. Akasema vile vile. Kasanda akaona ataivunja fimbo bure, akaondoka zake akilaani.

Hapo Ndalahwa, mgongo unamuuma, akakumbuka jambo. Zamani, siku za urafiki, aliwahi kuacha kibuyu cha baruti nyumbani kwa Mlekwa, kimejaa hadi shingoni, kimeegemea udongo uliojengewa jiwe la kusagia. Aliporudi alikuta baruti imeshuka chini ya shingo. Akamtania Mlekwa kwamba amemwibia. Mlekwa akaapa hakugusa. Haikuwa wizi. Ilikuwa ni Kalunde, alikuwa amesaga siku nzima, na mtetemo wa jiwe lake ulizilaza punje zote bila kuvunja hata moja.

Ndalahwa akainuka. Alijua aendako, na miguu haikutaka kumpeleka. Alianza kwa majirani. Akabisha mlango wa kwanza, akaomba wamsagie mtama kidogo ganda likiwa limesimama kando ya jiwe. Mama mwenye nyumba akamuuliza, jiwe likigonga jiwe likatoa cheche? Mlango ukafungwa. Akabisha mwingine, na mwingine. Mke wa mwanangwa alimjibu kwamba mumewe ameshatoa bunduki na ukingo, na yeye hatoi nyumba iungue. Ikabaki nyumba moja, nyumba ambayo mlango wake ulikuwa umeshafungwa mbele yake.

Akakaa chini pale pale alipokaa mwaka uliopita.

"Hodi, shemeji."

Kalunde akafungua, akasimama.

"Nataka jiwe lako," akasema Ndalahwa, na akamweleza yote, hakuficha. Akamweleza punje, akamweleza cheche. "Jiwe lisiwe tupu. Jiwe kwa jiwe litatoa moto. Liwe na nafaka katikati, nzima, ngumu, itetemeke taratibu. Unga haufai. Mchanga haufai, unakwaruza."

"Nafaka nzima," akasema Kalunde.

"Nafaka nzima."

"Sina nafaka, Ndalahwa. Nina mbegu."

Wote wawili wakatazama darini.

"Ngoja," akasema Kalunde. Akachukua ungo, akatoka kwenda kuomba mtama wa kusaga. Nyumba hii ikamwambia wameshasaga wote. Nyumba ile ikamwambia hawana, na kuku wao wanadonoa mlangoni. Nyumba ya mwanangwa ikamwambia aje kesho. Akarudi na ungo mtupu. Ndalahwa alikuwa bado amekaa.

"Mwaka jana nilikufungia mlango," Kalunde akasema. "Leo sikufungulii kwa ajili yako. Watoto wanakunywa tope. Na yule mnyama nina deni naye. Ingia."

Akakishusha kibuyu.

Ndalahwa akachimba kijishimo kwenye udongo kando ya jiwe, akalisimamisha ganda ndani yake, akalizungushia kitambaa kuzuia unga. Akapiga magoti, uso wake juu ya baruti, ili cheche ikiruka imkute yeye kwanza. Kalunde akamwaga gao la mbegu, yaani konzi moja, juu ya jiwe, akashika jiwe la juu, akaanza.

Mwanzo alisaga kwa nguvu, na mnajua kwa nini. Punje za baruti zikaruka ndani ya ganda. "Polepole, shemeji," akasema Ndalahwa. Akapunguza mno, punje zikatulia kama zilivyo, hazikushuka. "Kidogo zaidi." Akatafuta mwendo katikati, akaupata, na alipoupata akaanza kuimba kwa sauti ya chini, ili mkono usiupoteze:

Saga, mkono, saga,
mbegu ya mwakani, saga,
tusipokula sisi,
atakula mchanga.

Nawaambieni, baruti ilianza kushuka. Polepole, unywele kwa unywele. Ndalahwa akachukua punje zilizobaki kwa ncha za vidole, akazidondosha chache, akasubiri zilale, akadondosha nyingine. Gao likiisha, Kalunde anamwaga gao jingine. Mbegu ikawa unga, unga ukasukumwa pembeni, mbegu nyingine ikaja. Ndalahwa hakusema simama, na Kalunde hakuuliza bado. Kibuyu kilipogeuzwa chini juu na kutikiswa, zikadondoka punje za mwisho, Kalunde akazisaga nazo. Kwenye kitambaa cha Ndalahwa haikubaki baruti yoyote. Yote ilikuwa ndani ya ganda, imelala, na juu yake kumebaki nafasi ya kukalisha risasi.

Ndalahwa akaikalisha risasi, akaibana. Akalishika ganda mkononi, akalia. Kalunde hakulia. Alikuwa anatazama unga wake, unga mzuri mweupe, ambao haupandiki.

Kulipopambazuka, kiboko alitoka majini kuota jua kwenye fungu la mchanga, kama alivyozoea. Luhende akateremka na bunduki. Watu walibaki juu, wamejificha nyuma ya vichaka. Mchanga ule haukuwa na kichaka wala jiwe. Alitembea tu, mbele ya macho ya mnyama, na wanawake wakafumba macho kwa niaba yake.

Kiboko akamwona. Akapanua kinywa, onyo la kwanza. Luhende akatembea. Akapanua tena. Luhende akatembea. Kiboko akaja.

Mtu mwingine angepiga hapo, na angepiga mfupa wa uso, na risasi ingeteleza. Luhende hakupiga. Alingoja mnyama ageuze kichwa, kwa kuwa mahali pa kumwua kiboko ni padogo, kati ya jicho na sikio, na akija moja kwa moja hapaonekani. Akaruka kando hatua moja, kichwa kikageuka kumfuata, na hapo, bunduki karibu iguse ngozi, akafyatua. Mlio ule Kasombwe hawakuwahi kuusikia, mlio wa kipimo kamili. Risasi ilipita. Kiboko akafa angali anakimbia, na mwili wote ule ukaangukia mguu wa kulia wa Luhende.

Walimtoa kwa magogo na kamba. Mguu ulikuwa umepondeka kuanzia gotini, na mganga aliyeushika alisema mtu ataishi, mguu hautatembea tena. Watoto walikuwa wameshaingia majini. Luhende aliwaona wanakunywa, akasema, "Maji ya huku matamu?" Wakamwambia matamu.

Sasa ndugu zangu, kaeni vizuri. Maji yamefunguka, nyama imegawanywa, mawingu ya mvua yameanza kujikusanya upande wa machweo. Kasanda ameketi mbele ya watu, na jembe jipya limelazwa miguuni pake. Atakayekabidhiwa jembe lile ndiye mwenye ukingo. Na pembeni ameketi Nkwabi, kaka wa marehemu. Amesikia kwamba mjane hana mbegu tena, amekuja na kamba ya kufungia mizigo.

Luhende alisema wa kwanza, amelazwa kwenye mkeka wake.

"Ulisema atakayetuondolea kiboko. Mnyama ana shimo moja, na shimo hilo nimelitoboa mimi. Ningepiga mapema ningekimbia na miguu yangu yote, na mngekunywa tope mpaka leo. Niliusubiri wakati wake, wakati ukanichukulia mguu. Siwezi kuwinda tena. Siwezi kulima milimani. Hapa duniani ardhi ninayoweza kuilima nimekaa ni ile pale. Mimi si mtu wa moyo mkubwa, baba. Nautaka mwenyewe."

Watu wakasema, amesema kweli.

Ndalahwa akasimama. "Kijana alifyatua, na anastahili sifa. Lakini Mlekwa naye alifyatua. Mlekwa alilenga vizuri, na mkono wake haukutetemeka. Yuko wapi? Tofauti ya Mlekwa na Luhende si jicho wala moyo, ni kilichokuwa ndani ya ganda. Mwanangwa, wewe mwenyewe uliniambia nishindilie. Uliniambia nipunguze. Ningekutii mara ya kwanza, bunduki ingempasukia. Ningekutii mara ya pili, angezikwa kama mwenzake. Mgongo wangu una alama za kukataa kwangu. Naomba ukingo. Na nikipewa, sitaulima. Nitamkabidhi Kalunde, uwe fidia ya mumewe, na mimi niitwe tena jina langu."

Watu wakaguna kwa huruma. Wengine wakafuta macho. Mimi pia, nilipoisikia hadithi hii mara ya kwanza, nilisema hapo hapo, basi, yamekwisha, apewe fundi. Nilikuwa na pupa.

Maana Nkwabi alikohoa. "Maneno mazuri, fundi. Lakini fidia ya mtu aliyekufa hapewi mkewe. Hupewa ndugu zake. Ukitoa ukingo kwa damu ya Mlekwa, naupokea mimi."

Ndalahwa akasema, "Basi si fidia. Nampa zawadi tu."

"Mwanamume anampa mjane shamba, zawadi tu," akasema Nkwabi. "Kwetu huo unaitwa uchumba, na wa kuletewa posa ni mimi niliye na mjane." Kwa mila za nchi ile, alikuwa sahihi. Mtu mbaya anaweza kuwa sahihi, na inaudhi.

Ndipo Kalunde aliposimama. Viganja vyake vilikuwa bado vimechubuka.

"Ndalahwa, nimekusikia. Usinipe. Siutaki kutoka mkononi mwako, na si kwa kukuchukia. Ukinipa wewe, naupata leo na kesho una mwenyewe mwingine. Nikipewa ukingo, nipewe wa kwangu, kwa kazi yangu, na kazi yangu ndiyo hii. Baruti iligoma kwa unyasi, ikagoma kwa kijiti. Ikatii jiwe langu. Fundi alikuwa na kipimo, lakini kipimo kilikuwa nje ya ganda mpaka niliposaga. Mtasema mtu yeyote angeweza kusaga. Kweli. Milango yenu alibisha yote. Mtasema mtama wowote ungefaa. Kweli. Nilikuja na ungo kwenu nyote, na kuku wenu wakinitazama. Luhende alihatarisha mwili, nao ulikuwa wake. Ndalahwa alihatarisha mgongo na uso. Mimi nilisaga mwaka wangu mzima. Nilijua ninachokisaga, na sikusimama."

Watu wakatazama chini, hasa wenye kuku.

Luhende akageuza kichwa mkekani. "Dada, pole. Lakini mbegu hupatikana tena. Mwenye ukingo hakosi wa kumpa mbegu. Mguu haupatikani tena."

"Ni kweli, mdogo wangu," akasema Kalunde. "Lakini wewe bila ukingo utabaki Kasombwe, kijiji kitakulisha, watoto watakuimba. Mimi bila ukingo naondoka leo, na jina langu linabaki kwenye unga."

"Kulishwa si kuishi," akasema Luhende.

Kalunde akaitikia kwa kichwa, maana alikuwa mkweli.

Kasanda akaliokota jembe. Akamtazama Luhende, ambaye risasi yake iliua, na neno la ahadi, ukilichukua lilivyo, ni lake. Akamtazama Ndalahwa, aliyekataa amri na akawa sahihi, ambaye pia ndiye aliyekosea mwanzo, na kosa lake ndilo lililompa mnyama kovu na ghadhabu. Akamtazama Kalunde, ambaye hakugusa bunduki, hakugusa ganda, alisaga tu, na bila kusaga kwake wale wawili wangekuwa bado wanagongagonga ganda kwa kijiti. Akalilaza jembe chini tena. Akasema, "Wazee, nisaidieni." Wazee wakatazamana. Hawa wakasema mguu, hawa wakasema kipimo, hawa wakasema mbegu.

Nilipoisimulia hadithi hii ukweni kwangu, ugali ulipoa na baba mkwe hakuzungumza na shemeji zangu mpaka asubuhi. Sijali. Ninyi nanyi mna midomo.

Mimi nimenyamaza. Mvua inakuja, na asiyepanda safari hii hana mwaka. Luhende amejiinua kwa kiwiko. Ndalahwa amefunika uso. Kalunde amesimama wima, hatazami jembe, anawatazama ninyi. Na Nkwabi ameshainuka, anakunjua kamba, anaelekea nyumbani kwa Kalunde kwenye mitungi. Semeni kabla hajaufikia mlango: ukingo ni wa nani?